Tulivyokwenda Vienna Kutafuta Baridi

Aliyetutia hamu ya Vienna ni bosi wa mume wangu. Alirudi kazini Riyadh kutoka likizo akiwa amenawiri, akawaonyesha wafanyakazi wake picha kwenye simu: yeye, mkewe na watoto wamekaa kwenye majani mabichi, mvua inawanyeshea, na wote wanacheka. Mume wangu, ambaye ni mhandisi wa mitambo ya simu na si mtu wa kubabaishwa na picha, alirudi nyumbani siku hiyo akiwa mtu mwingine.

"Vienna," aliniambia, hata viatu hajavua. "Kule mwezi wa saba watu wanavaa makoti."

Nje lilikuwa lile joto la Riyadh ambalo ukigusa mlango wa gari bila kitambaa unaruka. Nilimwambia wazo zuri, avue viatu tule. Lakini mama yake, aliyekuwa akichambua mchele sebuleni, alikuwa ameshasikia.

"Mtu anapanda ndege kufuata mvua?" aliuliza. "Si aende Tanga?"

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Alikuja kuishi nasi baada ya baba mkwe kufariki, akapata ikama yake, kibali cha kuishi nchini, kama mkazi mwingine yeyote. Alikuwa na desturi ya kupinga kila safari, kisha siku ya kuondoka anakuwa wa kwanza kuvaa. Hii nayo aliipinga hadi wakati wa kulala. Asubuhi akaniuliza kama Vienna kuna mahali pa kununua dagaa.

Nikampigia shoga yangu wa Jeddah. Huyu ni Mkenya, nesi. Tulifanya kazi hospitali moja Riyadh, mimi maabara yeye wodini, mpaka mumewe alipopata kazi ya kufundisha hesabu kwenye shule moja ya kimataifa Jeddah, wakahamia huko. Nilimpigia nimpe habari tu. Sikumaliza.

"Haki mnaenda bila sisi? Kwani tumewakosea nini?"

Kabla ya wiki kwisha wakawa nao wamejiunga. Wao wana binti mmoja, sisi binti mmoja, wote walikuwa na miaka kumi, na wakikutana hao wawili sisi wengine tunakuwa kama viti. Tukakubaliana tuondokee Jeddah wote pamoja, watu saba.

Kutoka Riyadh mpaka Jeddah tungeweza kuruka, lakini mimi nilikataa. Wakati ule ndiyo kwanza wanawake tumeruhusiwa kuendesha, leseni yangu ilikuwa bado inanukia upya, na barabara ndefu namna ile sikutaka imalizwe na mwanamume. Nilikuwa nimeshaendesha mjini, kwenda kazini na sokoni. Barabara kuu ya jangwani nilikuwa bado. Mume wangu akakubali tugawane, akasema yeye ataanza. Nikamwambia ataanza kulala. Nami nikashika usukani.

Mama alikaa nyuma na mjukuu wake, tasbihi mkononi. Kila nilipotaka kulipita lori, sauti yake ya kuomba ilipanda.

"Mama, nakwenda taratibu," nilimwambia.

"Najua mwanangu. Sikuombei wewe. Naliombea lori."

Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alikuja moja kwa moja dirishani kwa mume wangu, akamwamsha, akamuuliza tunataka mafuta kiasi gani. Mume wangu alinionyesha mimi kwa kidole bila kufumbua macho. Yule kijana akazunguka, akaniangalia, akauangalia usukani, akaniangalia tena. Kisha akatabasamu, akasema, "Yalla, madam," akajaza tangi na kufuta kioo cha mbele mara mbili, jambo ambalo mume wangu anasema hajawahi kufanyiwa.

Tulifika Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye fleti ya marafiki zetu, jua likiwa limeshashuka. Joto la Jeddah ni la aina nyingine. La Riyadh linakukausha, la Jeddah linakulamba. Mama aliposhuka garini miwani yake ikaingia ukungu papo hapo, akamkumbatia mwalimu wa hesabu akidhani ni shoga yangu.

Kesho yake ikazuka habari ya makoti. Mume wangu alikuwa ametoa amri kwamba hakuna atakayepanda ndege bila koti. Sisi tulikuwa nayo, kwa sababu Riyadh nayo ina baridi yake. Mama hakuwa nalo. Mwezi wa kwanza yeye huvaa madera matatu, akajifunika blanketi, akakataa kutoka. Basi tukaenda Balad, mji wa kale wa Jeddah, kumtafutia.

Duka la nne ndilo lililokuwa na mtu aliyetuelewa, na hata yeye alituuliza mara mbili kama ni koti kweli. Kisha akasema mafi mushkila, hakuna shida, akapanda ngazi hadi kwenye boksi la juu kabisa, akashuka na koti zito la sufi, jeusi, lenye manyoya shingoni, na vumbi la miaka kadhaa. Akalipiga kofi, wote tukakohoa.

Mama akalivaa. Akajitazama kwenye kioo, kwanza uso, kisha upande, kisha akageuka kutazama nyuma. Jasho lilikuwa linamtiririka kama bomba lililopasuka, lakini macho yalikuwa ya bibi harusi.

"Hili ndilo," alisema.

"Basi livue likafungwe, mama," nikamwambia.

"Livuliwe kwa nini? Nisipolizoea hapa nitalizoea wapi?"

Akatoka nalo. Katikati ya mwezi wa saba, kwenye vichochoro vya Balad, saa ambayo hata paka wamelala kwenye kivuli, mama mkwe wangu alitembea na koti la manyoya, vifungo vyote vimefungwa. Wachukuzi wenye mikokoteni walimpisha, nadhani walidhani ni mgonjwa. Muuza maji ya matunda alimkimbilia na chupa ya maji baridi, akakataa kulipwa. Mwalimu alikuwa ametangulia maduka mawili mbele, anatazama sufuria kwa makini kama mtu aliyekuja mjini peke yake.

Ndani ya ndege tulikuwa na makoti saba. Tulipokaribia kutua Vienna, rubani alitangaza hali ya hewa ya huko chini: joto kali. Mume wangu akanigeukia.

"Amekosea. Hiyo ni ya Jeddah."

Rubani hakukosea. Milango ya uwanja ilipofunguka tulipigwa na hewa ya moto usoni kama mtu aliyefunua chungu cha pilau. Watu wote walikuwa na kaptura. Mfagiaji mmoja aliacha kufagia, akatutazama tukipita na makoti mikononi, mama akiwa amelivaa lake, na uso wa yule mtu ulikuwa umejaa huruma kabisa.

"Hii ni ya mchana tu," mume wangu alisema kwenye teksi. "Jioni mtaona."

Fleti tuliyopanga ilikuwa juu kabisa, chini ya paa, na haikuwa na lifti. Ilikuwa nzuri, dari ndefu, sakafu ya mbao, picha za milima yenye theluji ukutani. Mume wangu aliingia, akaweka mabegi, akaanza kutafuta rimoti ya kiyoyozi. Alitafuta mezani, akafungua kabati, akainua mito, akalala chini kuchungulia uvunguni. Mwalimu akamsaidia. Watu wazima wawili, wamesoma, wanatambaa. Mwishowe shoga yangu akauliza, "Kwani hiyo eisii yenyewe iko wapi?" Tukatazama kuta zote. Haikuwepo.

Mume wangu akampigia mwenye nyumba, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Kiyoyozi?" yule mama alisema, kama mtu aliyeulizwa kuhusu ngamia. "Hapana. Vienna hatuhitaji. Fungueni madirisha."

Tukafungua madirisha. Joto la nje likaingia kulisalimia la ndani.

"Hewa ya moto hupanda juu," mwalimu alieleza, akijipepea kwa ramani ya mji. "Na sisi ndio tuko juu."

"Asante, mwalimu," mkewe alimjibu. "Sasa tuhesabie na dawa yake."

Dawa ilikuwa feni. Lakini kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili Vienna hufungwa. Si kama Riyadh inavyofunga duka kwa swala halafu linafunguliwa. Inafungwa kabisa, unapiga mlango unasikia mwangwi. Wanaume wetu walizunguka mji wakitafuta feni, wakarudi na aiskrimu saba, ambazo kufika juu zilikuwa zimeyeyukia mikononi mwao. Jumatatu wakatoka tena. Feni zilikuwa zimekwisha mji mzima. Muuzaji mmoja aliwaonyesha rafu tupu, kisha kwa moyo wa kusaidia akawaonyesha alichobakiwa nacho: hita ya mafuta, na alikuwa amepunguza bei.

Hapo ndipo makoti yalipopata kazi. Shoga yangu ndiye aliyewaza. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja vitandani, na mapazia yalikuwa membamba kama ushungi. Tukayatundika makoti yote saba madirishani, lile la mama katikati kwa kuwa ndilo pana. Tulilala gizani kama popo, tunapeana zamu ya kuoga. Jirani wa ng'ambo, mzee mmoja mwenye bustani ndogo kwenye roshani yake, alitoka na kahawa, akayatazama yale makoti, akarudi ndani taratibu, akafunga mlango.

Ni mama aliyeikomboa likizo. Siku ya tatu tulikuwa tunakwenda kutazama jumba la wafalme. Tramu ya kwanza ilikuwa ya zamani na moto kama tanuri. Tukashuka, tukasubiri nyingine. Iliyofuata ilikuwa mpya, milango ikafunguka, na hewa ya baridi ikatoka ikatupiga miguuni. Mama akapanda, akakaa karibu na dirisha, akafumba macho. Kituo cha jumba kilipofika tukamwambia tushuke.

"Nishuke niende wapi?"

"Kwenye jumba, mama. Wafalme walikaa pale."

"Walikuwa na kiyoyozi?"

Mwanawe akakubali kwamba hawakuwa nacho.

"Basi nisalimieni."

Hakuna aliyekwenda. Tulibaki na mama mpaka mwisho wa njia, tukabaki tramu ilipogeuza, tukarudi mpaka mwanzo. Tiketi zetu zilikuwa za wiki nzima, hatukuvunja sheria yoyote. Mji wa Vienna mimi nimeuona vizuri sana, wote, upande wa kulia na upande wa kushoto, nikiwa nimekaa. Dereva alikuwa mwanamke mwenye nywele nyingi nyekundu. Siku ya pili ya mtindo huo alimtambua mama, akampungia mkono. Siku ya tatu mama akampelekea tende kwenye mfuko wa karatasi. Mabinti zetu walitaka kwenda kwenye lile gurudumu kubwa la kupanda juu, tukawapeleka jua lilipopoa, na shoga yangu akapiga kelele kuanzia chini mpaka juu na kutoka juu mpaka chini, huku wao wamemshika mikono wakimwambia asiogope.

Halafu kanisa. Shoga yangu alikuwa ametamani tangu mwanzo kuingia kwenye lile kanisa kubwa la katikati ya mji. Yeye na mumewe ni Wakristo, na kwa kuishi Jeddah walikuwa hawajaingia kanisani tangu likizo yao ya mwisho Kenya. Tuliwasindikiza. Mimi na mume wangu tulikusudia kuzunguka ndani kama watalii wengine. Mama akasema atatusubiri nje.

Nje palikuwa ni uwanja wa mawe, unawaka. Farasi wa mikokoteni walikuwa wamesimama kwa mstari, wamevalishwa vikofia vya masikio, nao wamechoka.

"Mama, ndani kuna baridi," shoga yangu akamwambia.

"Baridi kiasi gani?"

"Kama friji."

Mama aliwatazama farasi. Akatazama juu. "Mwenyezi Mungu anaijua nia yangu," akasema, akaingia, tena mbele yetu.

Akachagua benchi la nyuma kabisa, pembeni ya nguzo ya mawe, akaegemeza shavu kwenye lile jiwe kama mtoto kwenye mgongo wa mama yake. Sisi tukazunguka. Mbele, shoga yangu na mumewe walipiga magoti, na nilimwona anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa, nikageuka nikamwachia nafasi yake. Mtu fulani alikuwa anafanya mazoezi ya kinanda kikubwa cha mabomba, kinanguruma mpaka kifuani. Kikanyamaza. Lakini mngurumo haukunyamaza.

Watalii wakaanza kutazama juu, wanatafuta sauti inatoka bomba gani. Mimi na mume wangu tukatazamana. Tulizijua nota zile, tunaishi nazo nyumba moja.

Nilipofika kwenye benchi, mzee mmoja wa pale kanisani, mwenye joho, alikuwa ameshamfikia. Nikajiandaa kuomba radhi kwa lugha yoyote itakayotoka. Yule mzee alikuwa ameshika mto mdogo, wa ile wanayopigia magoti. Akauingiza taratibu kati ya kichwa cha mama na nguzo, akainuka, akaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha watalii, akaenda zake. Mama alilala mpaka kinanda kilipoanza tena, akaamka akiuliza kama tumeshafika mwisho wa njia.

Siku ya joto kali kuliko zote tulikwenda mtoni, kwenye Danube, mahali watu wanapoogelea. Tulifika, na mume wangu mara moja akapata jambo la kutazama kwenye mawingu, ambayo hayakuwepo. Watu wa Vienna walikuwa wametandazwa kwenye nyasi mpaka upeo wa macho, kila umri na kila ukubwa, na nguo walizovaa wote kwa pamoja zisingetosha kushona kanzu moja.

"Hawa wameibiwa?" mama aliuliza.

"Wanaota jua, mama."

"Wanalitafuta?"

"Ndiyo."

"Jua hili?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Akacheka tena alipomwona mzee mmoja anajigeuza upande wa pili, kama samaki kwenye jiko. Mabinti walikuwa wameshaingia majini na nguo zao za kuogelea, wanaturushia maji. Mama akajifunga dera vizuri kiunoni, akavua ndala, akaingia. Magotini, kiunoni, shingoni. Hewa ikanaswa ndani ya dera, likafura likamzunguka kama hema, na mama akaanza kuelea, kichwa tu juu, na ushungi wake.

Bibi mmoja wa pale, mwenye kofia ya mpira, akaogelea mpaka alipo. Tukawaona wanazungumza. Si kusalimiana, wanazungumza, mmoja anasema mwingine anaitikia kwa kichwa, kisha wanabadilishana, wanaelea huku na huku kama maboya mawili. Mama hajui neno la Kijerumani, na sidhani yule bibi aliwahi kufika Tanga. Alipotoka nikamuuliza walikuwa wanasema nini.

"Anasema maji ya mwaka huu yana moto sana. Nikamwambia ya kwetu yana chumvi. Mgongo unamsumbua, nimemwelekeza afanye nini."

"Umejuaje anasema mgongo?"

"Si ameniambia?"

Hatukumaliza siku zetu Vienna. Ndege ilikuwa na nafasi, tukarudi mapema, na hakuna aliyejifanya kusikitika. Uwanjani Jeddah, kiyoyozi kilipotupiga, mwalimu aliacha toroli katikati ya njia, akafungua mikono, akasimama tu. Abiria wakampita kulia na kushoto.

Al-Baghdadiyah tuliwasha kila kilichoweza kuwashwa. Shoga yangu akatoa mablanketi mazito, akapika ugali na sukuma wiki, tukala tumejifunika mpaka mabegani. Tulikaa ndani siku mbili, madirisha yamefungwa, tukiangalia picha za Vienna na kusema ni mji mzuri sana. Matokeo yake mama akapata mafua. Ulaya nzima hakupiga chafya hata moja.

Tuliagana, tukaanza safari ya kurudi Riyadh kwa njia ya Taif, inayopanda mlima kwa kona kali. Mimi ndiye niliyeendesha, na mume wangu hakupinga, ila alishika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Kadiri tulivyopanda ndivyo hewa ilivyobadilika. Tukazima kiyoyozi. Tukafungua vioo. Karibu na kilele binti yangu akasema anahisi baridi. Pale, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwa marafiki zetu, kulikuwa na ukungu na upepo wa kusisimua mwili. Mume wangu aliutazama ule ukungu.

"Usiseme kitu," aliniambia.

Niliegesha mahali penye ukuta mfupi wa kutazamia bonde, na hapo hapo nyani wakatuzunguka. Wanakaa kule juu na wamezoea magari. Mmoja, dume kubwa lenye manyoya ya kijivu mabegani, akapanda juu ya boneti akakaa akitutazama kama askari wa uhamiaji. Binti yangu akashusha kioo zaidi apige picha. Mkono mrefu ukaingia, ukapita mbele ya pua ya mama, ukatoka na boksi la chokoleti tulilowanunulia majirani wa Riyadh.

Nyani akaenda kukaa ukutani. Akafungua kifuniko. Akachukua moja, akamenya karatasi yake ya dhahabu kwa vidole viwili, akaidondosha, akatia chokoleti mdomoni, akafumba macho. Mume wangu akashuka, akamfokea kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili, kisha akajaribu yale maneno machache ya Kijerumani aliyokuwa amejifunza. Nyani akachukua ya pili.

"Mwambie akubakishie moja," mama alisema kwa sauti ya mafua, na binti yangu alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye mlango.

Mbele kidogo palikuwa na mzee anauza zabibu na matunda ya mpungate, yale yenye miiba, kando ya barabara. Tukanunua zabibu badala ya zile chokoleti, kwa ajili ya majirani. Tukaziosha kwa maji ya chupa na kuanza kuonja, tumeegemea gari, mama amejitanda kanga mbili, upepo unavuma. Nilisema twende, Riyadh bado mbali. Mume wangu akaitikia kwamba ndiyo, twende. Akachukua kishada kingine. Hakuna aliyesogea.